Kirusi hakina rangi: tuandike nani aliyeipaka

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lako la juma lililopita ulichapisha makala kuhusu wasanii wanaochora, kuchonga na kudarizi maradhi ya kuambukiza pamoja na historia ya namna sayansi ilivyoyatambua. Mwandishi alihitimisha kwamba sanaa ya aina hiyo ni pambo linaloletwa kazi ikiwa imekwisha: mtaalamu wa maabara hutafuta chanzo, daktari hutibu, na msanii hufika mwishoni, wageni wakiwa wameshaaga, kuja kupanga maua mezani. Pembeni mwa makala hiyo paliwekwa picha ya duara la kijivu lenye miiba myekundu, na chini yake yakaandikwa maneno haya: "Kirusi cha korona kama kinavyoonekana kwa hadubini." Nilifanya kazi ya maabara kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na naomba nafasi nieleze kwa nini naona makala na maelezo ya picha yamekosea mahali pamoja. Mwandishi aliyedhani kwamba msanii huja mwishoni hakuwaona wasanii wawili waliokuwa wamekaa ubavuni mwa maneno yake, ndani ya picha ile ile.

Nianze na slaidi, maana ndiyo ninayoijua kwa mkono. Makohozi ya mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu hupakwa juu ya slaidi, yakaachwa yakauke, kisha slaidi ikapitishwa juu ya moto mara mbili tatu ili yashike. Humwagiwa fuksini, rangi nyekundu iliyochanganywa na fenoli, na chini yake huwekwa moto mdogo mpaka mvuke uanze kupanda. Ukiiacha ichemke umeiharibu. Baada ya dakika kadhaa huoshwa kwa maji, halafu kwa asidi, ambayo huondoa wekundu katika kila kitu isipokuwa bakteria wa kifua kikuu, kwa sababu ukuta wa bakteria huyo umejaa nta na rangi ikishaingia haitoki kwa urahisi. Mwisho hutiwa buluu ili vitu vingine vyote vilivyobaki vipate rangi ya kuvitofautisha. Ukidondosha tone la mafuta na kushusha lenzi ya mia, unaona vijiti vyembamba vyekundu, vingine vimepinda kidogo, vimelala juu ya uwanja wa buluu.

Karibu kila kundi la wanafunzi niliowafundisha lilikuwa na mmoja aliyeinua jicho kutoka kwenye lenzi akauliza, "Mwalimu, kumbe vidudu vya TB ni vyekundu?" Nilikuwa nikimjibu kwa kumwonyesha vidole vyangu, ambavyo fuksini haikuvitoka hata siku za mapumziko. Wekundu ule niliuweka mimi. Kidudu chenyewe, kikiachwa kilivyo, ni kama tone la maji ndani ya maji. Baada ya hapo niligawa penseli za rangi na kuwaambia wachore walichokiona, na si kwa kuwapumbaza: aliyechora ndiye aliyekuja kuweza kutofautisha kijiti cha kweli na punje ya rangi iliyoganda au mkwaruzo wa kioo, ilhali aliyetazama tu alihesabu vyote pamoja na kumwandikia mtu mzima majibu ya mgonjwa.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alipowatangazia wenzake mjini Berlin kwamba amekipata chanzo cha kifua kikuu, vijiti alivyowaonyesha havikuwa vyekundu. Vilikuwa vya buluu, na kila kilichovizunguka kilikuwa cha kahawia, kwa sababu alitumia methilini ya buluu na kufuatisha rangi nyingine ya kahawia. Paul Ehrlich, ambaye alikuwamo ukumbini, alitoka akaenda kuiboresha njia hiyo, na baada yake Franz Ziehl na Friedrich Neelsen wakaifikisha karibu na hii tuliyorithi sisi. Bakteria ni yule yule, lakini katika muda wa miaka michache picha yake rasmi ilikwisha kubadilishiwa nguo.

Na neno nguo silitumii kwa mzaha. Rangi hizo zilitoka katika viwanda vilivyokuwa vikitafuta, kutokana na lami ya makaa ya mawe, namna ya kutia rangi vitambaa, na watu wa maabara walizichukua kama fundi anavyookota kipande cha mbao kilichobaki kwa jirani. Ehrlich alikaa na fikra moja kwa miaka mingi: ikiwa rangi fulani hukishika kijidudu na kuuacha mwili unaokizunguka, basi huenda ikapatikana nyingine itakayokishika na kukiua. Mwaka 1891 methilini ya buluu ilijaribiwa kwa wagonjwa wawili wa malaria. Baada ya miongo minne, Gerhard Domagk alikuta kwamba rangi nyekundu iliyokuja kuitwa Prontosil iliwaokoa panya walioambukizwa bakteria wa streptokoki, na mwaka 1935 matokeo yake yalichapishwa. Mwaka huo huo wachunguzi wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walionyesha kwamba mwili huipasua Prontosil vipande viwili, na kipande kinachotibu ni kile kisicho na rangi hata kidogo. Zaidi ya miaka 40 watu waliifuata rangi, na ikawafikisha kwenye dawa isiyo na rangi. Ningekuwa mchoraji, kisa hicho peke yake kingenitosha kwa maisha.

Najua nitakachojibiwa: kwamba Koch mwenyewe hakuiamini michoro. Ni kweli. Mwaka 1877 alichapisha picha za bakteria zilizopigwa kwa kamera, kwa kuwa aliona mchoraji huchora kile anachoamini. Hata hivyo kamera yake ilipiga bakteria waliokwisha kuandaliwa na mtu, katika sehemu ya slaidi iliyochaguliwa na mtu, na aliyechagua alikuwa na analolitafuta. Aliondoa mkono mmoja, akabakiza mingine mitatu.

Mkono mwingine ambao historia iliusahau ulikuwa wa Fanny Hesse. Mumewe, Walther, alifanya kazi katika maabara ya Koch majira ya baridi ya mwaka 1881 kuingia 1882, na Fanny ndiye aliyekuwa akimchorea vielelezo vya machapisho yake, michoro ya rangi ya makundi ya vijidudu kama yalivyoota. Wakati huo bakteria walikuzwa juu ya jelatini, ambayo huyeyuka siku za joto, na bakteria wengine huila ikawa uji. Fanny ndiye aliyependekeza agari, ute unaotokana na mwani, ambao alikuwa akiutumia jikoni kugandisha vyakula vitamu na ambao aliujua kupitia kwa jirani Mholanzi aliyewahi kuishi Java. Agari hubaki imara hata katika joto ambalo bakteria wa mwili wa binadamu hulihitaji ili waote. Koch aliitaja agari katika mstari mmoja wa taarifa yake ya mwaka 1882 bila kutaja imetoka kwa nani, na kisahani cha kukuzia bakteria kilichokuja mwaka 1887 kikachukua jina la mtu mwingine, Petri. Mchoraji alikuwa pale siku ya kwanza, tena ndiye aliyeleta sahani ya chakula, na bado mwandishi wako anatuambia kwamba wachoraji huja baadaye.

Agari hiyo hiyo sasa ni turubai. Alexander Fleming, kabla na baada ya kukuta ukungu wa penisilini mwaka 1928, alikuwa akichora askari na wacheza dansi kwa kupanda bakteria juu yake. Mchoraji wa namna hiyo hupaka kitu kisichoonekana, kisha hungoja siku moja au mbili picha ijitokeze, na lazima ajue kila bakteria huota kwa kasi gani, la sivyo mkono wa askari hutokeza kabla ya kichwa. Wapo bakteria wachache wenye rangi yao wenyewe, jambo ambalo napaswa kulikiri baada ya yote niliyosema: Serratia huota wekundu kama damu, na mwaka 1819 aliwatia hofu wanakijiji wa karibu na Padua, Italia, alipoota juu ya ugali wao wa mahindi, mpaka Bartolomeo Bizio akachunguza na kuonyesha kwamba kilichouletea ugali wekundu ni kiumbe hai. Tangu mwaka 2015 Jumuiya ya Mikrobiolojia ya Marekani huendesha mashindano ya picha zinazooteshwa kwenye agari. Nyingi ni nzuri kwa macho tu, na kama hayo ndiyo mwandishi wako aliyoyaona, basi kwa hapo tutapatana.

Lakini kuna kazi za aina nyingine, na hizo ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Mwaka 1665 Robert Hooke alichapisha jijini London kitabu cha mambo aliyoyaona kwa hadubini. Mchoro unaokumbukwa zaidi ni wa kiroboto, uliochapwa kwenye karatasi kubwa ya kukunjuliwa. Kila unywele wa miguu upo, kila pingili ya tumbo ipo, na maelezo yake yanamsifu mdudu huyo kama mpiganaji aliyevaa deraya nyeusi inayong'aa. Miezi michache baada ya kitabu hicho kutoka, tauni ililipuka katika jiji lile lile. Vifo vya tauni vilivyoandikwa katika orodha za jiji mwaka huo vilizidi 68,000, na wengi wanaamini waliokufa walikuwa zaidi. Wenyeji waliamini kwamba ugonjwa husafiri katika harufu mbaya, kwa hiyo walibeba maua na majani yenye harufu kali, wakafukiza nyumba, na wakuu wa jiji wakaamuru mbwa na paka wauawe, wale wale wanaokamata panya. Waliokuwa na fedha za kununua kitabu cha Hooke walikuwa na picha kamili ya kiroboto mezani, na hakuna aliyejua anachokitazama.

Ilichukua miaka 229 kabla ya Alexandre Yersin kumwona bakteria wa tauni, mjini Hong Kong mwaka 1894, na minne zaidi kabla ya Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, kumweka panya mgonjwa mwenye viroboto ndani ya chombo kimoja na panya mzima aliyetengwa naye kwa wavu asiweze kumgusa. Viroboto waliruka, na panya mzima akafa kwa tauni. Pasipo viroboto, ugonjwa haukuhama. Hata hapo wenzake wengi hawakumwamini kwa miaka kadhaa, kwa sababu hewa chafu ilikuwa bado ina watetezi.

Sasa mtazame msanii wa Uingereza Anna Dumitriu na gauni lake la tauni la mwaka 2018. Ni gauni la hariri lenye mshono wa mwaka 1665, lililotiwa rangi kwa maganda ya jozi kwa sababu waganga wa mitishamba wa karne ile waliyataja maganda hayo katika tiba zao. Limebandikwa tarizi halisi za karne ya 17, na katika tarizi hizo vimelowekwa vinasaba vya bakteria wa tauni, vilivyotolewa katika bakteria waliokwisha kuuawa maabarani. Gauni limejazwa maua ya lavenda na kuzungukwa nayo. Mtu anayelisogelea hunusa kwanza kile ambacho watu wa London walidhani kitawakinga, kisha husoma kwamba ndani ya nyuzi mna kile kilichowaua. Kosa na jibu vimeshonwa katika vazi moja, na kinachofika puani kwanza ni kosa.

Hilo, Mhariri, ndilo ambalo kitabu cha darasani hakiwezi kulifanya, nami nimevitumia vitabu hivyo maisha yangu yote. Kitabu cha darasani kikipata jibu hufuta kosa. Hewa chafu hupewa nusu ya ukurasa, kwa sauti ya kuwacheka waliokufa, na mwanafunzi huondoka akidhani kwamba watu wa zamani walikuwa wajinga na kwamba sisi tuliozaliwa baada ya jibu tuna akili kuwashinda. Katika maabara niliyofanyia kazi tulikuwa na mazoea yetu ambayo baadaye yalionekana kuwa bure, na hakuna aliyeyaandika popote. Yalifutwa siku mwongozo mpya ulipofika, na nakala za mwongozo wa zamani zikatumika kufungia chupa. Msanii anayelitunza kosa pamoja na harufu yake hutuonyesha lilikuwa na mantiki gani kwa waliokuwa ndani yake.

Sitaki nionekane naitetea sanaa kwa kila hali, kwa maana nayo imewahi kusambaza uongo kwa ufanisi mkubwa. Miaka sita baada ya Edward Jenner kumchanja mtoto kwa usaha wa ndui ya ng'ombe mwaka 1796, mchora vibonzo James Gillray alichora chumba cha chanjo ambamo ng'ombe wadogo wanachomoza puani, mikononi na mapajani mwa waliochanjwa. Kimechorwa kwa ustadi kuliko maelezo yoyote ya daktari, na kila ninapokutana na picha za kutisha kuhusu chanjo siku hizi humwona mjukuu wa ng'ombe wale. Karne hiyo hiyo ilikifanya kifua kikuu kuwa ugonjwa wa warembo na washairi, wenye ngozi nyeupe na macho yanayong'aa, wakati kilikuwa kinawaua maskini katika vyumba visivyo na dirisha. Mchoraji Edvard Munch, ambaye dada yake Sophie alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1877 akiwa na umri wa miaka 15, alianza mwaka 1885 kumchora msichana mgonjwa aliyeegemea mto, akapaka, akakwangua, akapaka tena, mpaka uso wa turubai wenyewe ukajaa makovu, na alirudia picha hiyo mara nyingine tano katika muda wa miaka 40. Koch alikuwa amekwisha kumtaja bakteria miaka mitatu kabla ya Munch kushika brashi. Kujulikana kwa chanzo hakukumrudisha Sophie, na dawa ya kuua bakteria huyo ilikuwa bado mbali kwa zaidi ya nusu karne.

Kuhusu hoja kwamba msanii huja kwa kuchelewa, kuna mahali ambapo alitangulia. Katika kijiji cha Hamburg, jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, Carol Hofmeyr, ambaye ni daktari na pia msanii, alikuwa akifanya kazi na wanawake wa kijiji waliojifunza kudarizi. Virusi vya UKIMWI vilikuwa vinawamaliza vijana wao. Dawa za mseto za kufubaza virusi zilikuwa zimejulikana tangu mwaka 1996, lakini viongozi wa juu wa nchi walikuwa wametilia shaka hadharani kama ugonjwa huo unatokana na kirusi, na hospitali za umma hazikuanza kuzitoa kwa mpango kamili hadi mwaka 2004. Mwaka 2005 zaidi ya watu 100 wa kijiji hicho, wengi wao wanawake, walikamilisha kazi kubwa ya nyuzi, shanga na picha ambayo iliundwa kwa mfano wa madhabahu ya Isenheim, iliyochorwa na Matthias Grünewald kati ya mwaka 1512 na 1516 kwa ajili ya nyumba ya watawa waliowauguza wagonjwa. Watawa wa Isenheim waliwaleta wagonjwa mbele ya Kristo msulubiwa ambaye ngozi yake imejaa vidonda kama yao. (Ugonjwa walioshughulika nao zaidi, uliowaunguza watu miguu na mikono hadi ikakatika, haukuwa wa kuambukiza, ulitokana na kuvu anayeota katika nafaka, na yaelekea mkate bora wa watawa ulisaidia kuliko dawa zao. Nalitaja kwa sababu waandishi wengi huuita tauni.)

Katika madhabahu ya kijijini, mahali pa msalaba amesimama mjane aliyevaa mavazi ya msiba, na watoto yatima wamemzunguka. Milango ya kwanza ikifunguliwa hutokea kijiji chenyewe, ndege, samaki na watu, kwa nyuzi za rangi kali. Milango ya pili ikifunguliwa nyuzi karibu zinakwisha: wapo bibi watatu katika picha za kamera, kwa ukubwa wa mtu, kila mmoja na wajukuu wake. Kizazi cha katikati hakipo. Nimeyatazama majedwali mengi ya vifo vya ugonjwa huo kazini, yenye safu za umri na jinsia, na pengo hilo la katikati lilikuwamo ndani ya majedwali yote, lakini nilikuwa nikilisoma kama tarakimu. Sikulijua kwa umbo mpaka nilipoona nakala ya picha ile, bibi na wajukuu, na nafasi tupu ambayo hakuna aliyehitaji kuiandikia maelezo. Kazi hiyo ilidariziwa na watu ambao baadhi yao walikuwa wameanza tu kumeza dawa, na hawakuwa na hakika kama zitaendelea kuja. Mwandishi wako aniambie ni wageni gani waliokuwa wameshaaga.

Nirudi kwenye picha yako. Upana wa kirusi cha korona ni kama nanomita 100, yaani virusi 10,000 vikipangwa ubavu kwa ubavu vinaenea katika milimita moja. Mwanga tunaouona una mawimbi yenye urefu wa kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Kirusi kilicho kidogo kuliko wimbi lenyewe hakina rangi tunayoweza kuiona, na hadubini ya kawaida haikioni. Hadubini ya elektroni hukiona, na hutoa picha nyeusi na nyeupe. June Almeida, aliyeacha shule akiwa na miaka 16 na kujifunza kazi kama mimi nilivyojifunza, kwa mikono, ndiye aliyepata mjini London katika miaka ya 1960 picha safi za kwanza za virusi vya korona vya binadamu, kwa kuvizungushia chumvi ya metali nzito ili vitokeze vyeupe katika giza. Duara lenye nukta pembeni lilimfanya yeye na wenzake wafikirie taji, na jina hilo likachapishwa mwaka 1968. Kwa hiyo hata jina la ugonjwa uliofunga dunia limetokana na mtu kutazama picha na kusema inafanana na nini.

Msanii Luke Jerram, ambaye mwenyewe hatofautishi baadhi ya rangi, ndiye aliyelichukulia jambo hili kwa uzito unaostahili. Tangu mwaka 2004 amekuwa akitengeneza, pamoja na mafundi wa kupuliza vioo na kwa ushauri wa mtaalamu wa virusi wa Chuo Kikuu cha Bristol, sanamu za kioo kitupu za virusi vya ndui, UKIMWI, mafua na vinginevyo, zilizokuzwa takriban mara milioni moja. Hazina rangi kwa sababu virusi havina rangi. Ukizunguka moja wapo unaona upande wa pili kupitia ndani yake, na kila mpulizo wa fundi umeacha mkunjo wake. Ni sanamu nzuri, na uzuri huo unaudhi kidogo, jambo ambalo naona ni haki.

Duara la kijivu lenye miiba myekundu nalo lina waliolitengeneza. Lilichorwa kwa kompyuta mwaka 2020 na Alissa Eckert na Dan Higgins, wachoraji wa tiba katika Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani. Walitumia takwimu za maumbo ya protini za kirusi, kisha wakachagua kijivu na wekundu kwa makusudi, kwa kuwa walitaka umma ukione kitu hicho na kukichukulia kwa uzito. Hawakumdanganya mtu, wala hawakuwahi kudai kwamba ni picha ya hadubini. Walifanya kile nilichokuwa nikifanya na fuksini, isipokuwa mimi nilipaka rangi kidudu kilichokuwapo mbele yangu na wao walipaka rangi ujuzi uliokwisha kukusanywa. Aliyekosea ni yule aliyeondoa majina yao na kuandika kwamba hadubini ndiyo iliyoona, na nasikitika kwamba safari hii alikuwa ni gazeti ninalolisoma kila siku.

Ninayoomba ni machache. Kila utakapochapisha picha ya kijidudu, wahariri wako waandike imepatikana kwa njia gani, iwe ni kwa hadubini ya kawaida, hadubini ya elektroni au mchoro, na kama rangi imetiwa, wataje hivyo. Utakapomtuma mwandishi kwenye maonyesho ya sanaa ya aina hii, apite kwanza maabara yoyote iliyo karibu naye na kuomba aonyeshwe slaidi moja ikitiwa rangi, tangu makohozi hadi lenzi. Haitamchukua saa moja. Na kwa picha ya juma lililopita, naomba masahihisho yasomeke hivi: "Mchoro wa kompyuta wa kirusi cha UVIKO-19, kazi ya Alissa Eckert na Dan Higgins, rangi zimechaguliwa na wachoraji." Nimeyapima kwa rula dhidi ya upana wa safu zenu, na yanaenea katika mistari mitatu.

Wako mwaminifu,
Mtaalamu mstaafu wa maabara